Haki ya Msafiri Hupatikana Siku ya Kulipa: Maandalizi ya Safari za Likizo ya Mwisho wa Mwaka

Kila mwaka, tangu shule zinapofungwa hadi zinapofunguliwa tena Januari, barabara kuu, viwanja vya ndege na vituo vya treni vya nchi yetu hubeba watu wengi kupita kawaida. Wafanyakazi wa Dar es Salaam huelekea Kilimanjaro, Kagera, Mbeya na Mtwara kuwaona wazazi, wanafunzi wa bweni hurejea nyumbani, na ndugu walio ughaibuni huja kupumzika. Nafasi huwa chache kuliko wanaozitafuta, na penye uhaba hapakosi hila.

Malalamiko ya msimu huu yana sura moja. Mara nyingi mlalamikaji ana haki, lakini hana cha kuionyesha. Alilipa nauli bila kupewa tiketi; au alipewa tiketi akaikunja mfukoni bila kuisoma; au mzigo wake ulipotea akaondoka uwanjani bila kuandikisha taarifa. Anapofika kwetu, tunamwamini, lakini mtoa huduma anapokana hatuna cha kumwekea mezani. Kwa sababu hiyo, makala haya yanasisitiza jambo moja: haki ya msafiri hupatikana siku ya kulipa, wakati fedha bado iko mkononi mwake na anaweza kuuliza, kusoma na kukataa. Siku ya safari ni ya kuitumia haki hiyo tu.

Tiketi ya basi: isome kabla ya kuondoka dirishani

Tiketi ni mkataba. Iwe ya karatasi au ya kielektroniki iliyotumwa kwenye simu, hakikisha inaonyesha mambo yafuatayo:

- jina lako na jina la kampuni ya basi;
- namba ya usajili ya basi;
- mahali unapoanzia na mahali unapoishia safari;
- tarehe, muda wa kuripoti na muda wa kuondoka;
- namba ya kiti;
- kiasi ulicholipa.

Mambo mawili katika orodha hii hupuuzwa kuliko mengine. La kwanza ni mahali safari inapoishia. Katika msimu wa Desemba, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada ili kupunguza msongamano wa abiria, na hilo huwasaidia wengi. Hata hivyo, wapo wanaotumia msongamano huohuo kuwaahidi abiria safari hadi Bukoba, kisha wakawashusha njiani na kuwafaulisha kwenye gari jingine lisilo na viti vya kutosha. Abiria ambaye tiketi yake imeandikwa kituo cha mwisho anachokwenda ana hoja ya kudai afikishwe huko bila kuongeza nauli. Ambaye tiketi yake imeandikwa mji wa katikati, kwa sababu tu wakala alimwambia “usijali, utaunganishwa”, hana hoja hiyo.

La pili ni kiasi ulicholipa. Ukilipa shilingi 60,000 na tiketi ikaandikwa 45,000, jua kwamba umelipa fedha ambayo hutaweza kuidai. Usipokee tiketi ya namna hiyo. Omba isahihishwe mbele yako au urudishiwe fedha zako.

Jinsi ya kuihakiki nauli

Nauli za mabasi ya mikoani zina kikomo kinachopangwa kwa kilomita. Viwango vilivyotangazwa na LATRA na kuanza kutumika Desemba 2023 viliweka kikomo cha shilingi 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita moja kwa basi la daraja la kawaida, na shilingi 67.84 kwa basi la daraja la kati, katika barabara ya lami.

Hesabu yake haihitaji utaalamu. Kwa safari ya kilomita 500, zidisha 500 kwa 48.47. Utapata shilingi 24,235 kwa daraja la kawaida. Kwa daraja la kati, 500 mara 67.84 ni shilingi 33,920. Tofauti kati ya madaraja haya mawili ni shilingi 9,685 kwa mtu mmoja. Kwa familia ya watu watano ni shilingi 48,425, fedha inayotosha kununua unga na mafuta ya kupikia ya siku kadhaa. Ndiyo maana tunasema uliza daraja la basi kabla ya kulipa, kisha siku ya safari uangalie kama basi uliloletewa ni la daraja hilo. Kulipia daraja la kati na kupandishwa basi la kawaida ni kupunjwa, hata kama umefika salama.

Viwango hubadilika mara kwa mara, hasa bei ya mafuta inapopanda au kushuka. Kabla ya kukata tiketi, angalia jedwali linalotumika wakati huo katika tovuti ya LATRA au katika ofisi yake ya mkoa, ukiandika pembeni nauli ya njia yako.

Saa ya Kiswahili na saa ya tiketi

Huenda jambo hili likaonekana dogo, lakini limewagharimu watu safari nzima. Sisi huhesabu saa kuanzia alfajiri, na tiketi nyingi, hasa za ndege, huhesabu kuanzia usiku wa manane. Tiketi iliyoandikwa 09:00 inamaanisha saa tatu asubuhi, na 15:00 ni saa tisa alasiri. Tangu Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa kusafiri usiku na mchana, hivyo “saa tisa” isiyofafanuliwa inaweza kuwa ya alasiri au ya usiku. Mwombe wakala akuandikie neno “asubuhi”, “mchana” au “usiku” kando ya saa.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye safari zinazoanza baada ya usiku wa manane. Ndege iliyoandikwa 00:40 tarehe 22 Desemba huondoka usiku wa kuamkia tarehe 22. Msafiri anapaswa kuwa uwanjani jioni ya tarehe 21. Anayefika jioni ya tarehe 22 akiamini kwamba “usiku wa tarehe 22” bado haujafika atakuta ndege iliondoka karibu siku nzima iliyopita, na kwa kawaida tiketi yake itakuwa imepoteza thamani yote au sehemu kubwa.

Malipo ya simu na watu wasiojulikana

Tangazo la “nafasi zimebaki mbili” lenye picha ya basi zuri au hoteli ya ufukweni haligharimu kitu kulitengeneza. Mtu anayekuhimiza utume fedha haraka kwenye namba yake binafsi ili “akushikie nafasi” anakuomba uvunje kanuni ya kwanza ya ununuzi, yaani kumjua unayemlipa.

Lipa kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kampuni au kwenye akaunti ya benki ya kampuni. Unapolipa kwa simu, jina la mpokeaji huonekana kabla hujaweka namba ya siri. Lisome. Likiwa si jina la kampuni uliyokusudia kuilipa, sitisha. Ukishalipa, usiufute ujumbe wa uthibitisho hadi utakaporejea kutoka safarini, maana namba ya muamala iliyomo humo ndiyo njia rahisi ya kufuatilia fedha yako. Ukigundua umetapeliwa, wasiliana na mtandao wa simu papo hapo kuomba muamala uzuiwe, kisha utoe taarifa polisi. Kila saa inayopita humpa tapeli nafasi ya kuitoa fedha hiyo.

Tiketi ya ndege: bei rahisi ina masharti yake

Abiria wawili wanaweza kukaa viti vinavyopakana ilhali mmoja amelipa nusu ya alicholipa mwenzake. Tofauti haiko kwenye kiti, iko kwenye masharti. Tiketi ya bei ya chini kabisa mara nyingi hairuhusu kurudishiwa nauli, hutoza ada ya kubadili tarehe, na huenda isijumuishe begi la kupakia. Kabla ya kulipa, uliza maswali manne: Nikiahirisha, nitarudishiwa nini? Nikibadili tarehe, nitalipa kiasi gani? Nauli hii inajumuisha kilo ngapi za mzigo? Je, kodi na tozo ambazo hazitatumika hurudishwa? Majibu yawe kwa maandishi.

Jina kwenye tiketi lifanane na jina la kitambulisho au pasipoti yako, herufi kwa herufi. Tofauti ya “Mohamed” na “Muhammad”, au jina la ukoo la ndoa kwenye tiketi na la usichana kwenye pasipoti, inaweza kukuzuia kupanda. Kusahihisha siku ulipokata tiketi ni rahisi kuliko kusahihisha kaunta ikiwa na foleni ya watu mia.

Iwapo utaunganisha ndege mbili, kata tiketi moja kwa safari nzima inapowezekana. Ukinunua tiketi mbili zilizo mbalimbali na ndege ya kwanza ikachelewa, kampuni ya pili kwa kawaida haiwajibiki kukupa nafasi nyingine. Hali ni hiyohiyo kwa anayetoka mkoani kwa basi kuja kupanda ndege Dar es Salaam. Usipange kufika siku hiyohiyo ya ndege. Gharama ya kulala mjini usiku mmoja ni ndogo ukiilinganisha na tiketi iliyopotea.

Kuhusu mizigo, pawabenki haziruhusiwi kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, kwa sababu betri za lithiamu zinaweza kushika moto mahali ambapo hakuna wa kuuzima. Beba yako kwenye begi la mkononi. Kikomo cha kawaida bila kibali cha kampuni ni wati-saa 100. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ina wati-saa 74, hivyo inaruhusiwa. Katika safari za kimataifa, vimiminika vya begi la mkononi kwa kawaida viwe kwenye chupa zisizozidi mililita 100 kila moja. Asali ya nyumbani na manukato ya zawadi viwekwe kwenye begi la kupakia, vikiwa vimefungwa vizuri.

Begi lisipofika

Safari nyingi za ndege za kimataifa, zikiwemo zinazogusa Tanzania, husimamiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Mkataba huo humpa msafiri haki zenye tarehe, na tarehe hizo hazisubiri:

- Begi lililoharibika: lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea.
- Begi lililochelewa: lalamika kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa.
- Begi ambalo halijafika baada ya siku 21: unaweza kudai fidia kama la begi lililopotea.
- Shauri mahakamani: lifunguliwe ndani ya miaka 2.

Tangu tarehe 28 Desemba 2024, kikomo cha fidia ya mizigo ni SDR 1,519 kwa abiria. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho kinakaribia dola 2,000 za Marekani. Kumbuka kwamba hicho ni kikomo. Utalipwa hasara unayoweza kuithibitisha, hivyo piga picha ya begi likiwa wazi kabla ya kulifunga, na utunze risiti za vitu vya thamani. Fedha taslimu, dhahabu, dawa unazotumia kila siku na nyaraka za asili zisikae kwenye begi la kupakia.

Begi lisipoonekana, usitoke nje ya ukumbi wa mizigo kabla ya kujaza fomu ya taarifa kwenye dawati la kampuni ya ndege na kupewa nakala yenye namba. Kipande kidogo cha karatasi ulichobandikiwa kwenye pasi ya kupandia kitunze pia, kwani ndicho kinachothibitisha kwamba begi lilipokewa.

Ukisafiri kwa gari lako

Hapa kinachoweza kupotea si fedha pekee. Gari linalozunguka mjini mwaka mzima kwa mwendo mdogo linaweza kuficha udhaifu ambao barabara ya kilomita 600, jua kali na mzigo mzito vitaufichua kwa saa chache.

Anza na matairi. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Tairi lenye 2316 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la umri huo linaweza kuonekana jipya kwa kashata zake, lakini mpira wake umechoka na linaweza kupasuka kwenye mwendo mkubwa. Tazama tarakimu hizo hata unaponunua tairi dukani, zaidi sana la mtumba. Upepo upimwe tairi likiwa la baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, na tairi la akiba lisisahaulike.

Breki, taa, vifuta kioo, maji ya rejeta na mafuta ya injini vikaguliwe na fundi wiki mbili kabla ya safari, ili kipuri kikihitajika kipatikane bila kukimbizana. Hakikisha una jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za kuakisi na kizimamoto kisichopita muda wake.

Bima nayo ihakikiwe. Mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) humwezesha mtu yeyote kuthibitisha, kwa namba ya gari, kama bima aliyouziwa ni halali. Stika bandia haitamlipa mtu yeyote siku ya ajali. Fahamu pia tofauti ya bima ndogo na bima kubwa. Ndogo hulipa madhara uliyowasababishia wengine, wala hailipi gari lako. Angalia tarehe ya kwisha: bima inayokoma Desemba 26 haitakurudisha nyumbani.

Barabarani, mikanda ifungwe na wote, pamoja na wanaokaa nyuma. Maeneo ya makazi mwendo wake ni kilomita 50 kwa saa. Dereva apumzike kila baada ya saa mbili hivi. Usingizi hauzuiliwi na redio wala kahawa. Dawa yake ni kulala.

Gari la kukodi

Kabla ya kupokea ufunguo, lizunguke gari pamoja na mwenye nalo, mpige picha kila mkwaruzo, kioo, tairi, kipimo cha mafuta na namba ya kilomita. Mkataba uonyeshe bei kwa siku, kikomo cha kilomita kama kipo, amana na siku itakaporudishwa, majina ya wanaoruhusiwa kuendesha, na kiasi utakachochangia ajali ikitokea. Ndugu asiye kwenye mkataba asishike usukani, hata kwa kilomita kumi, kwa sababu bima inaweza kukataa kulipa.

Ukivuka mpaka

Anayekwenda Nairobi kupitia Namanga kwa gari lake ahitaji Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hupanua bima ya madhara kwa wengine hadi nchi nyingine zinazoshiriki mpango huo. Huombwa kwa kampuni ya bima kabla ya safari. Pasipoti au hati nyingine ya safari inayotambuliwa iangaliwe tarehe ya kwisha. Kwa nchi zinazodai cheti cha homa ya manjano, chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti hudumu maisha yote. Kwa anayechanja kwa mara ya kwanza, siku ya kuamkia safari ni kuchelewa.

Ratiba fupi ya maandalizi

- Wiki sita kabla: kata tiketi, hakiki majina, tarehe ya pasipoti na bima.
- Wiki mbili kabla: peleka gari kwa fundi, maliza chanjo, omba Kadi ya Njano.
- Siku moja kabla: pima mizigo, piga picha ya tiketi na nyaraka, mwachie ndugu mmoja nakala pamoja na namba ya basi au ya ndege.
- Siku ya safari: fika mapema, linganisha namba ya basi na tiketi, na usimkabidhi mzigo mtu ambaye hajakupa stakabadhi.

Mkishindwa kuelewana

Mweleze kwanza mtoa huduma, kwa maandishi, ukitaja tarehe, saa, namba ya gari au ya ndege, kilichotokea, na unachodai: kurudishiwa nauli, kufidiwa au kuombwa radhi. Dai lenye kiasi na ushahidi hujibiwa haraka kuliko barua ndefu ya hasira. Asipokujibu au usiporidhika, mabasi, treni na teksi yapeleke LATRA; ndege yapeleke Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA); bima yapeleke TIRA. Mabaraza ya ushauri ya watumiaji wa usafiri wa ardhini na wa anga yapo pia kukusaidia kuliandaa lalamiko lako.

Basi likiendeshwa kwa mwendo wa hatari, usingoje kufika. Toa taarifa kwa polisi wa usalama barabarani, au piga namba iliyobandikwa ndani ya basi, ukitaja namba ya usajili na mahali mlipo. Nauli inaweza kurudishwa baada ya safari, lakini uhai haurudishwi.